Wimbo wa Mwongeli Wafutwa kwa Niaba Yake

Soko la Toi jijini Nairobi lilipoteketea katika ghasia za baada ya uchaguzi, Januari ile ya 2008, kibanda cha Mwongeli cha mapazia ya mitumba kiliondoka na moto. Hakulala njaa, maana Apiyo, jirani yake wa sokoni, alimgawia unga wake nusu kwa nusu kabla hajapanda lori kurudi kwao Kisumu. Mwongeli akahamia Kawangware, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya mzee Kagiri. Huko, akidarizi vitambaa vya makochi apate riziki, akamtungia Apiyo wimbo. Sauti alikuwa nayo. Hata wapita njia walisimama dirishani pa kanisa alipoanzisha pambio.

Studio moja ndogo ya Riruta Satellite ilimrekodi. Wenzake walimshauri auze, akakataa.

"Unga niligawiwa bure," alimwambia Tracy, binti wa Kagiri, aliyekuwa na saiba, duka la intaneti, kando ya barabara. "Wimbo nao uende bure."

Tracy akauweka kwenye tovuti ambako watu huhifadhi mafaili na wengine wakayachukua. Wimbo ukatembea. Ukafika Nakuru, ukafika Kisumu, na Apiyo akapiga simu akilia na kucheka kwa pamoja.

Mwezi Mei akapiga tena. "Mwongeli, kwani umenikasirikia? Dada yangu ameutafuta wimbo, ameambiwa umeondolewa."

Mwongeli akakimbilia saiba. Kweli, kwenye skrini palikuwa na maneno tu: faili limeondolewa kwa malalamiko ya mwenye haki.

"Mwenye haki ndiye nani?" akauliza.

"Si ni wewe, anti!"

"Mimi nimejilalamikia lini?"

Tracy alicheka mpaka akashika meza. Kisha akawaandikia wenye tovuti, nao wakajibu kwamba mlalamikaji ni kampuni ya bwana mmoja aitwaye Muigai. Mwongeli alimfahamu. Chama cha waimbaji wa mtaani, naye akiwa mwanachama, ndicho kilichomwajiri Muigai awinde wezi wa nyimbo mtandaoni.

Jumamosi chama kilikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Muigai, suti imenyooka, akatangaza kwamba ameondoa nyimbo zaidi ya mia tatu zilizoibwa. Makofi yakapigwa. Mwongeli akasubiri yatulie, akasimama.

"Hongera, ndugu yangu. Wangu uliuondoa kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yako, mama. Uliibiwa."

"Na nani?"

"Huyo aliyeuweka huko."

"Ni mimi."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Lakini Wakoli, mpiga gitaa, hakucheka. "Na wangu? Pia niliuweka mwenyewe. Uliniuliza?" Wengine watatu wakainua mikono. Hakuna aliyekuwa ameulizwa.

Muigai akaketi, akajifuta uso. "Nitasema ukweli," akasema. "Mnanilipa kwa kila faili linaloondoka. Wezi wenyewe hata barua hawajibu. Tovuti zinazofuata sheria ndizo zinazoondoa haraka, basi mimi nikawa nakimbilia huko."

"Atoke!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Asitoke," Mwongeli akasema. "Mwaka huu tumefukuzana vya kutosha. Abaki atusikie."

Wakajadiliana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana: hakuna wimbo utakaoguswa kabla mwenyewe hajaulizwa, kila mwezi Muigai atasimama pale ukumbini aeleze ameondoa nini, wapi na kwa nini, na malipo yatafuata maelezo hayo. Mwongeli akachaguliwa kuongoza kamati ya kumsimamia. Muigai akakubali, tena kwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Papo hapo akafungua kompyuta yake na kuandika barua ya kufuta malalamiko, Mwongeli akiwa ameinama begani kwake, akimkosoa namna ya kuandika jina lake.

Wimbo ulirudi katikati ya wiki. Tracy akatoa spika mlangoni pa saiba. Wauza mboga wakaacha meza zao, mwendesha mkokoteni akateremsha mzigo, na barabara ikageuka uwanja wa ngoma. Mzee Kagiri alitoka kwake kuja kuwaambia wapunguze kelele. Alipomwona Mwongeli anazungusha mabega Kikamba, akavua kofia, akampa mtu amshikie, akaingia katikati.