Koko Alijibu "Hayupo"

Nimefanya mitihani ya kila aina shuleni Karatu, mingine nikiwa macho kwenye karatasi ya jirani, lakini sijawahi kuona mtihani wa kihuni kama ule aliotungiwa bibi yangu.

Tunamwita Koko, kama Wamaasai wengi wanavyomwita bibi. Boma lake liko huko chini, kabla hujafika Engaresero, ukingoni mwa mto ambako ndama wake wamekuwa wakinywa tangu baba yangu anakimbia na shuka bila kitu ndani. Akaja mwekezaji mmoja wa kambi za watalii na nguzo na waya, akazungusha uzio kati ya boma na mto, akasema kijiji kimempa. Koko akafungua shauri kwenye baraza la ardhi. Alichotaka ni kifupi: waya utoke, ndama wanywe.

Mimi nilidhani kesi ni watu kupigiana kelele mbele ya mwenyekiti wa baraza, mwenye sauti kubwa anashinda. Nikajua tumeshashinda, maana hamjamsikia Koko akifukuza nyani. Kumbe kabla ya kelele kuna karatasi. Upande mmoja unaweza kuomba ruhusa ya baraza ukamwandikia mwenzako maswali, naye ayajibu kwa maandishi, tena kwa kiapo. Unaweza pia kumdai nyaraka: onyesha hiki, toa kile.

Haya nilielezwa na wakili wetu, mama mmoja wa Karatu mwenye ofisi ghorofani, juu ya duka la vitambaa la kaka yake.

"Asipojibu, baraza linaweza kulifuta shauri lote," aliniambia. "Kwa hiyo bibi yako atajibu kila swali, na wewe utatafsiri bila vichekesho."

"Mimi na vichekesho wapi na wapi, mama?"

"Nilikusikia ukipanda ngazi."

Kiswahili cha Koko ni cha mnadani, "bei gani" na "toka hapa", basi. Ndiyo maana niliombewa ruhusa shuleni. Baba mdogo, aliyemleta Koko kwa lifti ya gari la watalii hadi Mto wa Mbu na kwa basi hadi Karatu, alikaa kando na fimbo yake magotini.

Maswali ya mwanzo yalikuwa laini. Mdai anaishi wapi? Mdai ana ng'ombe wangapi?

"Wapo," alijibu Koko.

"Wangapi, mama?"

"Mwambie wapo. Akitaka wapungue awahesabu yeye."

Wakili alishusha pumzi, akaandika kitu kuhusu mifugo ya kutosha. Kisha akasoma swali lililofuata: taja jina kamili la mtu unayedai aligawiwa eneo hili na kijiji, na uwasilishe nyaraka zozote zenye jina lake.

Mtu huyo ni babu, mume wa Koko.

"Hayupo," alisema Koko.

"Najua ni marehemu, Mungu amrehemu. Jina lake?"

Koko alitazama dirishani, barabarani, ambako magari ya safari yalikuwa yanapanda kuelekea geti la Ngorongoro. "Mwambie hayupo."

Kwetu mtu mzima akifa, jina lake nalo linapumzishwa. Mjane halitaji, watoto hawalitaji. Hata neno linalofanana nalo watu wanalikwepa, wanatafuta lingine. Nilimweleza wakili. Akamgeukia baba mdogo.

"Haya, baba, wewe ni mtoto wake. Baba yako aliitwaje?"

"Aliitwa," akasema baba mdogo, akakohoa, akaanza kuzikagua katambuga zake za tairi kama kazinunua leo. "Sasa haitwi."

"Tuandike Mzee Hayupo bin Hayupo," nikasema.

"Ero, we kijana!" Fimbo ya Koko ilinipata ugokoni. Kiswahili hajui, ila sauti yangu ya upuuzi anaijua toka nje ya boma.

Wakili hakucheka. Alisema tukiandika "hayupo", upande wa pili watalisoma wanavyotaka: hayupo, hakuna, hakuwahi kuwepo. Watasema mdai mwenyewe kakiri kwa kiapo kwamba hakuna mtu aliyepewa eneo. Nilitafsiri yote, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Mkasi ulisikika ukikata kitambaa dukani chini.

Nilijua jina lilipo. Lilikuwa mfukoni mwangu, kwenye kitambulisho cha shule, la tatu baada ya langu na la baba. Mwalimu wetu wa darasa huita kwa jina la mwisho, kwa hiyo kila asubuhi anamwita babu yangu, na mimi naitika, "Nipo!" Nyumbani hakuna anayejua. Ndivyo nilivyodhani.

"Mtoto huyu anatembea nalo huko shuleni," alisema Koko, bado anatazama nje. "Wachukue hilo. Mimi nitakuwa chini."

Akashuka. Nikatoa kitambulisho, wakili akanakili bila kulisoma kwa sauti. Kwa hilo nitamshukuru siku zote.

Lakini mtu asiyejua kusoma lazima asomewe kiapo chake ndipo aweke dole gumba. Aliyetusomea alikuwa mzee wa viapo aliyetokea pwani, Kiswahili chake kinateleza kama samli. Koko, aliyeitwa tena juu, alijifunika shuka masikioni. Mzee akafika kwenye jina, akalitafuna, akatia irabu pasipohusika, likatoka linasikika kama aina ya pilau.

Koko akateremsha shuka. "Huyo nani?"

"Anadhani ni babu."

"Simjui," akasema, akabonyeza dole haraka kabla mzee hajajaribu tena.

Tulicheka ngazi nzima, hata baba mdogo. Hatukucheka tena.

Ikawa zamu yetu kuuliza. Mwekezaji alisema kijiji kilimpa eneo kwenye mkutano, basi tukamdai muhtasari wa mkutano huo. Jibu likaja limechapwa vizuri, limeapiwa, lina muhuri: nyaraka zinazoombwa hazipo.

"Kwa hiyo sisi 'hayupo' ni kosa, wao 'hazipo' ni jibu?" nilimuuliza wakili.

"Wameapa, mwanangu."

"Na sisi je?"

Alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Uamuzi ulipotoka, wakili alituita tena ofisini. Alieleza taratibu, kwa heshima, kama anayetoa habari ya msiba. Anayedai ndiye anayethibitisha. Sisi tulileta jina bila karatasi ya kijiji inayolionyesha. Mwekezaji hana karatasi pia, lakini si yeye aliyedai. Yeye ana uzio tu. Shauri limetupwa. Ndama watanywea juu, kule kwenye mawe, ambako wawili walishavunjika miguu.

Nilitafsiri. Mara hii sikuwa na utani wowote kinywani, na niliutafuta.

Koko alisikiliza hadi mwisho. "Zile karatasi za mkutano wao," akaniuliza. "Walisema nini tena?"

"Walisema hazipo, Koko."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa taarifa ya kifo cha jirani. Kisha akamtazama wakili usoni.

"Muulize, nani kaziua?"

Nikauliza. Baba mdogo akaangalia katambuga zake. Wakili akavua miwani.

"Mwambie muda wa maswali umekwisha," akasema.

"Amejibuje?" akauliza Koko.

"Hajajibu," nikamwambia.