Wanawake Kumi na Mmoja

Leonsia Mutalemwa alihamia Mwanza kusoma shahada ya uzamili akiwa na miaka arobaini na mitatu, na kitu cha kwanza alichotakiwa kujifunza chuoni ni kumwamkia kijana.

Kijana mwenyewe alikuwa msimamizi wake wa utafiti, Daktari Luhende, mwenye miaka kama thelathini na saba hivi. Leonsia aliingia ofisini kwake asubuhi ya kwanza akasema, "Habari za asubuhi, Daktari." Luhende hakujibu. Aliendelea kupanga karatasi zake huku akisubiri. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akamnong'oneza Leonsia, "Mpe shikamoo, mama. Anasubiri shikamoo."

Hakumpa. Alikuwa amefundisha baiolojia Nshamba, wilayani Muleba, kwa miaka kumi na tisa, na shikamoo za watu wa umri wa Luhende alizoea kuzipokea yeye.

"Nimekuja tupange ratiba," alisema.

"Kaa, binti," Luhende akajibu.

Aliponisimulia haya mimi, abiria mwenzake, kwenye kivuko cha Kamanga, mwaka mmoja na zaidi baadaye, neno hilo bado lilimkera. "Binti! Binti yangu mwenyewe yuko kidato cha sita!" Abiria wawili waligeuka kutuangalia. Hakujali. Alikuwa na bahasha kubwa iliyojaa hojaji magotini na hasira ambayo hakuwa na haja ya kuificha.

Mengine ya kuhamia Mwanza aliyamudu. Alipanga chumba Kiseke, kwa Mama Queen, mjane mwenye sauti ya mnadani. Maji yalitoka mara mbili kwa wiki, na njia ya kutoka barabarani ilipanda juu ya mawe mpaka magoti yakalia. Siku ya kwanza Mama Queen alikagua vyombo vyake, akauona mkungu wa ndizi aliotoka nao nyumbani, akauliza, "Na mume?"

"Amebaki Nshamba. Anatunza migomba."

"Kwani migomba ina miguu? Ingekimbilia wapi?"

Leonsia alicheka, wakaupika ule mkungu pamoja, na tangu siku hiyo akawa na mtu wa kumgongea mlango akichelewa kuamka. Alizoea joto, akazoea kunguru. Kwa Luhende alishindwa kuzoea.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwajiri alikuwa amempa ruhusa ya masomo ya miezi kumi na minane, inayokwisha Januari. Ili aruhusiwe kuandika tasnifu, ilimpasa kwanza awasilishe matokeo ya utafiti mbele ya kamati, na kamati ingekaa Novemba, tarehe kumi na nne. Kikao kinachofuata kilikuwa Aprili. Akikosa cha Novemba, anarudi darasani Nshamba mikono mitupu, na hakuna aliyemhakikishia kwamba angepewa ruhusa nyingine.

Mada alichaguliwa na Luhende: wanawake wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja, ufuko wa kushushia samaki, ng'ambo upande wa Kamanga, na kiasi wanachopoteza mvua ikinyesha. Luhende alikuwa amefanya utafiti wake wa udaktari kwenye mwalo huo huo miaka sita iliyopita, na aliupenda utafiti huo kama mtu anavyopenda picha yake ya harusi. Alimpa Leonsia nakala ya tasnifu yake, akamwagiza ainukuu. Leonsia akainukuu. Kisha akampangia tarehe za kwenda kukusanya taarifa: tatu hadi kumi na mbili Novemba. Hojaji sitini, siku kumi.

"Rahisi," Luhende alisema. "Siku sita zinakutosha."

Tarehe tatu Leonsia alivuka kwenda Kamanga, akapanda bodaboda mpaka mwaloni. Alikuta mchanga. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu na kupinduliwa. Nyavu zilitundikwa. Hapakuwa na moshi wala harufu ya kutosha kumvuta nzi. Mwenyekiti wa mwalo, mzee anayeitwa Mihayo, alikuwa amekaa juu ya ndoo akirekebisha taa ya sola kwa bisibisi. Pembeni yake mwanamke mtu mzima alikuwa anashona tundu la wavu.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu pamoja. Mwanamke akaongeza, "Wewe ni wa sensa?"

"Hapana, mama. Natoka chuo. Natafuta wanawake wanaoanika dagaa."

Mwanamke, ambaye jina lake ni Modesta, alimtazama Mihayo. Mihayo akaweka bisibisi chini. Wakacheka mpaka Mihayo akakohoa.

"Umesema unatafuta nini?"

"Waanika dagaa."

"Sasa dagaa wako wapi, mwalimu, uwaone wanaowaanika? Wewe kwenu ni wapi?"

"Muleba."

"Mhaya!" Modesta alipiga makofi. "Nilijua. Nyie mmesoma mpaka mmesahau kuangalia juu. Jana usiku hukuuona mwezi ulivyo?"

Hakuuona. Alikulia milimani, kwenye migomba na kahawa, ambako ziwa ni rangi ya buluu kwa mbali na dagaa ni kitu kinachouzwa sokoni kikiwa kimeshakauka. Mihayo alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto, lakini bila kumdharau. Dagaa huvuliwa gizani. Mtumbwi unabeba taa, na dagaa wanaufuata mwanga wake. Mwezi ukikaribia kujaa, ziwa zima lina taa moja kubwa, na hakuna dagaa atakayejisumbua na ya Mihayo. Kwa hiyo kila mwezi mwalo hulala siku kumi hivi. Wavuvi wanakwenda kwao, wanawake wanakwenda kulima au kuuguza. "Mbalamwezi," alisema. "Giza likirudi, tarehe kumi na mbili, kumi na tatu, tunarudi sote. Hapo hutapata pa kukanyaga."

"Na wanawake wanaobaki ni wangapi?"

"Mimi, na wengine wako majumbani," Modesta alisema. "Kumi. Kumi na mmoja."

Leonsia alisimama pale akisikia idadi hiyo ikimrudia. Kumi na mmoja. Aliifahamu. Alikuwa ameinukuu mwenyewe kutoka kwa Luhende, ukurasa wa nne wa pendekezo lake: mwalo huo una wanawake kumi na mmoja wanaofanya kazi ya kuanika. Wala hakujiuliza hojaji sitini angezijaza na nani.

"Mama, mkiwa wote mnakuwa wangapi?"

"Mia mbili na ushei. Kwa nini?"

Kwa nini. Modesta alijijibu mwenyewe. Miaka iliyopita alikuja kijana mmoja na karatasi, mpole, akanywa uji wao, akaandika kwa siku kadhaa, akaondoka. Baadaye ulikuja mradi wa kujenga chanja, zile meza za wavu zinazowainua dagaa kutoka mchangani na kufunikwa turubai mvua ikija. Mradi ukasoma kwamba hapa pana wanawake kumi na mmoja. Chanja zikajengwa kwenye mwalo mwingine. "Sisi tukabaki na mchanga," Modesta alisema. "Mvua ikinyesha tunazoa matope, tunawauzia wafuga kuku."

Alisema bila hasira. Hilo ndilo lililomchoma Leonsia zaidi: mwanamke huyu alikuwa ameshamaliza hasira yake, amebaki na sindano ya kushonea nyavu.

Jioni ile hakula. Mama Queen alimgongea mara mbili. Leonsia alikuwa amefungua tasnifu ya Luhende sehemu ya mbinu za utafiti, na kwenye simu kalenda inayoonyesha mbalamwezi za mwaka ule. Taarifa za Luhende zilikusanywa tarehe nane hadi kumi na tano. Mwezi angani ulijaa tarehe kumi na moja.

Kesho yake alikwenda ofisini. Alisema habari za asubuhi, akaweka karatasi mbili mezani, akaeleza. Alikuwa bado anaamini, masikini, kwamba mtu akionyeshwa kosa atashukuru.

Luhende alisoma, akasoma tena. Masikio yakamwiva.

"Nani kakutuma kukagua kazi yangu?"

"Hakuna. Naomba kubadilishiwa tarehe. Giza linaanza kumi na mbili. Nipe mpaka kumi na tisa, niwahesabu wote."

"Kikao ni kumi na nne."

"Basi uwaombe kamati siku tano."

"Niwaambie nini? Kwamba nangojea mwezi?" Alicheka peke yake. Kisha akashusha sauti, akawa mwema ghafla, na wema huo ulikuwa mbaya kuliko ukali wake. "Sikiliza, binti. Una hojaji sitini. Wale waliopo wahoji. Hao wengine unawajua majibu yao, wote wanaishi maisha yale yale. Kaa chumbani kwako, jaza. Wenzako wote hujaza. Januari unavaa joho, unarudi kwenu umepandishwa cheo. Unataka nini tena?"

Mimi nimewaona wasimamizi wa namna hii Kampala, Lubumbashi na Nairobi. Kinachobadilika ni lugha wanayotumia kukuvunjia heshima. Kiti wanachokalia ni kile kile, na wanakikalia kwa uzito ule ule. Hawachukii ukweli. Unawachosha tu, kwa sababu hauna tarehe kwenye ratiba.

Leonsia alirudi Kiseke na hojaji sitini tupu. Asiseme mtu kwamba hakujaribiwa. Alikaa kitandani, akatoa kalamu, akaijaza moja. Jina: akaandika herufi mbili. Umri: hamsini na mbili. Idadi ya watoto: watano. Ndoo zinazoharibika kwa wiki: nne. Ilikuwa rahisi kweli. Ilimchukua dakika tatu, na mwanamke yule ambaye hayupo duniani alikuwa na majibu mazuri kuliko yeyote atakayempata. Akamwita Mama Queen, akamsomea.

"Huyu ni nani?" Mama Queen aliuliza.

"Hakuna. Nimemtunga."

"Na wa kweli yuko wapi?"

"Kwao. Anangojea giza."

Mama Queen alichukua ile karatasi, akaitazama, akamrudishia kwa ncha ya vidole kama kitu kilichodondokewa na mafuta. "Mimi sijasoma," alisema. "Lakini mtu akinijazia mimi fomu hivyo nikajua, nitamfuata mpaka kwao." Akatoka. Leonsia aliichana ile karatasi vipande vinne.

Alimwandikia mkuu wa idara barua kuomba siku tano. Hakujibiwa. Alimwandikia Luhende, akajibiwa kwa mstari mmoja: tarehe ni zile zile.

Tarehe kumi na mbili alivuka na godoro dogo na mabuti, akapokelewa nyumbani kwa Modesta. Mitumbwi ilikuwa imegeuzwa na kushushwa ziwani. Alfajiri ya kumi na tatu ilirudi imejaa, na wanawake wakatokea kila upande, ndoo kichwani, wakisukumana, wakitukanana kwa utani, wakitandaza nyavu kuukuu mchangani na kumwaga dagaa juu yake mpaka ufuko wote ukang'aa kama bati jipya. Leonsia alipita katikati yao akiuliza jina na kuandika. Walimtania. "Mwalimu, niandike mara mbili, nina mimba!" "Mhaya, kunja sketi, dagaa hawajui digrii!" Aliandika jina la kila mtu, jina kamili.

Tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, simu ililia. Ilikuwa namba ya Luhende.

"Uko wapi? Kamati imekaa."

"Habari za asubuhi, Daktari. Niko kazini."

"Kazini wapi? Jina lako ni la pili!"

"Mwaloni kwako. Nimefika mia moja na arobaini na saba. Usinipotezee hesabu."

Luhende akasema polepole, ili kila neno lifike, "Unajua nikilikata jina lako unarudi kufundisha bila kitu."

"Najua. Likate." Aliibana simu kwa bega ili asiache kuandika. "Lakini Aprili nitakuja, kwa ruhusa au bila ruhusa, kwa nauli ya ndizi zangu. Nitakuja na majina yao yote, na nitaanza na hao kumi na mmoja wako. Jiandae, mwanangu."

Akakata. Modesta, aliyekuwa ameinama hatua mbili mbele, aliinuka. "Mume?"

"Msimamizi."

"Umemwita mwanangu?"

"Ndiyo."

"Ameitika?"

Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameshuka ghafla, meusi, na mtu alipiga kelele. Mwalo mzima ukakimbia. Wanawake walivuta nyavu kwa pembe nne, wakazoa kwa mikono, wakajaza ndoo, vitenge, chochote. Leonsia alitia hojaji kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga, akapiga magoti na kuzoa. Mvua ikawakuta nusu ya ufuko bado umetandazwa.

Ilinyesha kwa dakika ishirini. Ilipokwisha, dagaa waliobaki walikuwa uji wa kijivu uliochanganyika na mchanga, na wanawake walikuwa wamesimama juu yake, nguo zimewagandia.

Leonsia alifungua mfuko, akafuta kalamu kwa karatasi ya juu kwa kukosa penye ukavu pengine. Alianza na aliyekuwa karibu.

"Mama Modesta. Zimeharibika ndoo ngapi?"

"Tisa."

Akaandika tisa. Akamwendea anayefuata.