Lori la Gwamaka

Kaburi la Gwamaka lilikuwa limeshachimbwa tangu asubuhi, pembeni ya migomba, jirani na la dada yake. Nusu ya Kisondela ilijaa uwanjani kwa Sekela. Wanawake walilia, wanaume walibishana jeneza lipitie wapi, maana siku hizi hatuwezi kuzikana bila kubishana. Gwamaka, mtoto wa kiume pekee wa Sekela, alikuwa amefia Afrika Kusini, na rafiki yake Obed alipiga simu akasema, "Nipo njiani, juba," yaani mama. Hakuna aliyemuuliza anakuja na nini. Watu wa Kisondela walioko kule wana chama chao, wanachangishana ili anayefariki aletwe alale kwao, na tangu kianze hakuna marehemu aliyeachwa ugenini.

Lori likafika. Vijana wakafunua turubai, wakaganda. Ndani mlikuwa na mabati. Mabati mapya yanang'aa, na maboksi ya misumari.

"Mwanangu yuko wapi?" Sekela aliuliza.

Obed aliteremka kutoka mbele ya lori. "Tumemzika kule kule, juba. Alikataza tusimlete. Kwenye simu nilishindwa kukwambia."

Asajile, baba mdogo wa marehemu, akamkaba Obed shati. "Mmetubadilishia mtoto kwa mabati?"

Obed akainua simu yake. Sauti ya Gwamaka ikatoka, dhaifu kwa ugonjwa: "Mama, nisamehe. Hela ya kunisafirisha waezekee zahanati. Ingekuwepo, Doreen asingefia barabarani."

Doreen, bintiye, alishikwa na uchungu wa kuzaa akakata roho juu ya bodaboda, kwenye tope, kabla hawajafika hospitali ya Tukuyu. Tangu hapo Gwamaka alikuwa akituma hela, kuta za zahanati zikapanda, kisha zikabaki bila paa zikinyeshewa. Sasa Sekela alizichukia kuta zile. Alimchukia Obed, alimchukia hata marehemu. Mtoto gani humnyima mama yake kaburi la kulilia?

"Geuza gari!" Asajile alifoka. "Yarudi yalikotoka!"

"Yashusheni," alisema Sekela. "Ndilo neno la mwisho la mwanangu."

"Lakini shemeji..."

"Mmekuja kumzika mwanangu au mmekuja kula? Wekeni majembe, chukueni nyundo. Matanga nayahamishia zahanati, na sitoki pale mpaka paa liishe."

Mchungaji alikohoa kidogo akalionyesha lile shimo. Kaburi likishachimbwa, jamani, haliachwi likae tupu.

"Na hili tulifukie, mama?"

Sekela alilitazama, kisha akalitazama la Doreen.

"Lifunikeni kwa bati moja," alisema. "Nitalala mimi hapo. Doreen asibaki peke yake."