Kihispania Jikoni kwa Nyanya

Juzi nilimkuta binti yangu sebuleni akijifunza Kifaransa kwenye simu, midomo ikicheza bila sauti. Nikamwambia atoe sauti. "Mama, watu watasikia!" Nikacheka, ila nikamwelewa. Maana mimi, rafiki yangu, nilisikiwa.

Nilikuwa kidato cha pili, nimeenda likizo kwa nyanya, kijijini Salama. Shuleni tulikuwa tumeanza Kihispania, na mwalimu alisema wazi: tukirudi, kila mmoja ataongea naye peke yake, na atakayekwama atatoka kwenye lile darasa. Nililipenda somo hilo kuliko yote. Kuandika niliweza, ila kuongea mbele ya watu nilishindwa. "Ongeeni kwa sauti nyumbani," mwalimu alitusihi. "Ulimi haujifunzi ukiwa umelala."

Basi kila asubuhi, nikichambua pojo jikoni, moshi ukinitoa machozi, nilijiuliza na kujijibu. Me llamo, naitwa fulani. Vivo con mi abuela, naishi na nyanya yangu. Nilikosea, nikajigombeza, nikaanza upya.

Siku ya nne niligeuka nikamwona nyanya mlangoni, jirani yake nyuma yake.

"Unasikia?" nyanya alinong'ona. "Si Kikamba. Si Kizungu."

"Wala si Kiarabu," jirani akasema. "Huyo ametoka mbali."

Huku kwetu wazee husema roho ya mgeni ikimpanda mtu huongea lugha ya kwao, na haitulii mpaka iulizwe inachotaka na kupigiwa ngoma ya kilumi. Nyanya akachuchumaa mbele yangu, akanitazama kama anayeongea na mtu aliye ndani zaidi. "Mgeni, karibu. Unataka nini kwa huyu mtoto?"

"Susu," nikamwita nyanya kwa Kikamba, "ni mimi! Ni masomo!"

"Wote husema hivyo," jirani akasema. "Tuite wa ngoma."

Nyanya alikataa ngoma, lakini akanipiga marufuku: lugha ile isisikike tena. Siku mbili nilinyamaza, nikihisi maneno yakinitoka kichwani moja moja. Usingizi ulinipaa. Siku ya tatu nikaketi naye, nikamweleza polepole: "Susu, wewe niulize kwa Kikamba. Mimi nijibu kwa Kihispania, halafu nikuambie nimesema nini."

Akafikiri sana. Kisha kila asubuhi akawa ananiuliza kama anavyomsalimu mtu njiani: nimelalaje, mama yangu hajambo, mbuzi wamekula, mbona jana niliacha chakula. Kitabu hakikuwa na mbuzi wala chakula kilichoachwa. Ilinibidi nitafute, nikibabaika, naye akiitikia "ĩĩ", ndiyo, kwa kila jibu, sahihi na kosa.

Siku ya mtihani nilikalia mikono yangu, macho sakafuni. Mwalimu akafunga kitabu, akaniuliza kwa nini ninaogopa. Nikamjibu kwa Kihispania kwamba nimezoea kuulizwa na nyanya. Sentensi ilichechemea, lakini ilifika. Nilibaki darasani.

Jiko lile lilishabomolewa, na kilumi ni nadra kukisikia sasa. Nyanya mwenyewe tulimzika. Nimeongea Kihispania na watu wengi tangu hapo, wengi wakinisahihisha. Ila hadi leo sijui kama aliniamini, au asubuhi zile zote alikuwa akimkaribisha mgeni wa kutisha, akimuuliza habari za mbuzi kwa upole, ili asije akanidhuru.