Kompresa ya Chumba cha Mama

Mwanangu, tangu uniambie unaenda sokoni kununua kompresa, ile mashine ya kujaza hewa, ya kupigia misumari, sijatulia. Akili inanirudisha kwenye asubuhi moja ya mwisho wa kiangazi, nilipokuwa bado mke mpya hapa Lubumbashi.

Mama yangu mzazi alikuwa analetwa kutoka Lukafu. Kifua kilimsumbua, na daktari alikataza asilale penye vumbi. Chumba tulichomtengea kilikuwa na bati tupu juu. Kila upepo ulipovuma vumbi lilishuka, na mawingu ya mvua yalikwisha kuanza kukusanyika. Mume wangu alikuwa kazini mgodini Kinsevere, anarudi Jumamosi tu. Kazi ya kupiga dari ikabaki mikononi mwangu. Mbao nyembamba zilikuwepo, bunduki ya misumari shemeji alituazima, ila hewa ya kuisukuma hatukuwa nayo. Nilikuwa sikai. Naanza kupika naacha, nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Nilikwenda sokoni na mama mukwe, mama wa mume wangu, mtu mpole sana. Nikaona kompresa moja kubwa iliyokwisha kutumika, tangi lake kama pipa. Muuzaji akasifu kwamba ingetosha karakana nzima. Nilikuwa tayari kuita kijana wa mkokoteni aibebe. Mama mukwe akaweka mkono juu ya tangi.

"Mutoto wangu, hii mashine iko ya kazi yako, ao iko ya haraka yako?"

Akamwomba muuzaji aiwashe, ijae, kisha aizime. Tukasimama kutazama saa ya presha. Mimi nilihangaika huku na huku, yeye hakusogea. Mshale ukaanza kushuka polepole, ingawa hakuna aliyegusa mpira wa hewa; ilikuwa inavuja. Halafu akaomba kizibo cha chini ya tangi kifunguliwe. Yakatoka maji mekundu ya kutu.

"Tangi inaoza ndani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siku itapasuka, weye utakuwa pembeni yake."

Tuliondoka na kompresa ndogo, mpya, ambayo umeme wetu dhaifu uliweza kuiwasha. Iliniudhi, sikufichi. Kila baada ya misumari michache ilinibidi ningoje ijae tena. Katika kungoja huko nikawa napapasa mbao kwa kiganja, na ubao mmoja, juu kabisa ya kitanda cha mama, ukacheza. Misumari yake yote ilikuwa imekosa boriti. Nikaipiga upya.

Mama alifika pamoja na mvua ya kwanza. Alilala bila kukohoa, nami nikakaa mlangoni kumsikiliza akipumua.

Basi, mwanangu, anza na misumari yako. Ile myembamba ya dari haihitaji hewa nyingi. Ile mikubwa ya paa inataka tangi kubwa. Ujue umeme wa nyumbani kwako unabeba nini. Ijaze kompresa, izime, uutazame mshale. Fungua kizibo cha chini uone kinachotoka, na kila ukimaliza kazi umwage maji. Vaa miwani. Na ukiona miguu inakuwasha kuondoka dukani, kaa kidogo zaidi.

Mungu ailinde mikono yako na macho yako. Watakaolala chini ya kazi yako walale salama, na waamke wakikutaja kwa wema.