Mamba wa Chini ya Mapipa

Jamani, hadi leo naogopa kwenda ukweni. Boti yangu ya kuvushia watu mto Ruvu huelea juu ya mapipa, na magugu hunasa chini yake. Nikajitia ufundi, nikafunga wavu mkuukuu chini ya mapipa kuyazuia magugu hayo.

Juzi nilimvusha mama mkwe, ambaye kwa adabu hata machoni simtazami. Katikati ya maji, kitu kikatushika kwa chini. Boti ikatetemeka, ikasimama. Mto ule una mamba.

"Mamba!" nikapiga ukelele, nikafumba macho, nikarukia palipo laini. Abiria wakatoa shahada.

Mmoja wao akachokoa kwa upondo, akaangua kicheko. Ni wavu wangu, umenasa kisiki.

"Baba," sauti ikaninong'oneza sikioni, "mamba hakuna. Haya, shuka mapajani, miguu imekufa ganzi."