Nusu Paa kwa Hela ya Kenya

Kila nikipita mbele ya duka la kubadilishia fedha pale mjini Mwanza, miguu inasimama yenyewe. Sina dola, sina pauni, na Kenya sijafika miaka mingi. Lakini lazima niinue macho kwenye ule ubao wa taa nitafute mstari wa shilingi ya Kenya, nione leo imeamkaje. Juzi mlinzi alinisogelea. "Shikamoo mama. Unabadilisha?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia naangalia tu. Ningeanza kumweleza, tungekesha pale.

Basi nikueleze wewe. Mimi na mdogo wangu tulilelewa na bibi, mama yake mama, kule Mkolani, katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili iliyoezekwa nyasi. Bibi aliuza dagaa katika soko la Mwaloni. Harufu yao ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye madaftari yangu, hata kwenye chai. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kisumu, mnene, mcheshi, aliyependa kukaa juu ya magunia yake huku akibishana bei. Huyo alilipa kwa hela ya Kenya. Wauzaji wengine wakipata hela hiyo waliibadilisha siku hiyohiyo. Bibi aliiweka kwenye kopo la maziwa, akalifukia chini ya kitanda.

Alikuwa na sababu. Zamani aliwahi kuweka akiba ya bati kwa hela yetu, na kila alipofika dukani alikuta bei imeshamkimbia. Anarudi nyumbani na hela zake mkononi na nyasi zake kichwani. Ndipo akahamia kwenye hela ya jirani. Shilingi moja yao ilikuwa karibu kumi zetu, na sisi watoto tulijua kuzidisha kwa kumi kabla hatujafundishwa. Tukicheza duka, visoda vya chupa vilikuwa hela, na kisoda kisichopinda kilihesabiwa cha Kenya. Bibi naye akitaka kumsifu mtu alisema, "Huyo ni hela ya Kenya." Fundi akija siku aliyoahidi, hela ya Kenya. Mchumba wa mama mdogo hakuwahi kukipata cheo hicho.

Mwaka ninaousema, nyasi zilikuwa zimeoza. Fundi alishapima nyumba, akasema zikija mvua za vuli paa halitafika Krismasi. Bibi hakuwa na wasiwasi, kopo lilikuwa limekaribia kujaa. Ndipo mama wa Kisumu akaja siku moja bila kucheka.

"Mama, shilingi yetu imeanguka," alisema. "Imeanguka vibaya. Hata mimi sijui leo nitabeba magunia mangapi."

"Itasimama," bibi akamjibu, kama anamfariji mgonjwa.

Zilikuwa zama za ruksa, serikali ilipolegeza biashara, na kubadilisha fedha hakukuwa tena jambo la kujificha. Ofisi ilikuwa imefunguliwa mjini, na nje ilikuwa na ubao wa chaki. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo kila Jumamosi nilikwenda naye. Tulikuta kijana anafuta kwa kiganja, anaandika upya.

"Soma," bibi ananiambia. Nasoma.

"Soma tena."

Narudia, na namba haibadiliki. Anafunga hela zake kwenye pindo la kitenge, tunarudi. Jumamosi nyingine imeshuka zaidi. Nilichukia kazi ile. Ilikuwa kama mimi ndiye ninayeishusha kwa kuisoma, na nilimwona bibi akizeeka pale pale mbele ya ubao. Ule msemo wake wa hela ya Kenya sikuusikia tena.

Mvua zikawahi. Usiku mmoja nyasi za pembeni ziliporomoka juu ya mkeka wetu, tukaamka tumelowa, mdogo wangu anakohoa. Asubuhi bibi alifukua kopo. Tulipofika mjini hakuniambia nisome. Aliingia moja kwa moja, akatoka na noti zetu, akazitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Zilitosha bati za chumba kimoja.

Fundi akaezeka chumba hicho. Bibi akatuhamishia sisi humo, pamoja na gunia la unga. Yeye akabaki na kitanda chake upande wa nyasi, akaning'iniza nailoni juu yake. "Ni kwa muda tu," alisema.

Haikupita muda mrefu mama wa Kisumu akaja akicheka tangu mbali. Shilingi yao imesimama! Imepanda! Bibi akacheka naye, akampimia na nyongeza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza kwa nini hakusubiri.

"Nimechoka, mjukuu wangu," akasema. "Nimechoka na hela, za kwetu na za kwao."

Nilipoanza kazi nilimtumia hela ya bati. Akamlipia mdogo wangu ada. Nikatuma tena, akaniandikishia barua kwamba mwakani, Mungu akipenda, ataezeka. Siku ya msiba wake mvua ilinyesha, waombolezaji wote wakajibana upande wa bati. Mimi nilikwenda kukaa kwenye kitanda chake. Nailoni ilikuwa imepasuka, na godoro lilikuwa na alama za maji ya miaka mingi. Sikujua. Tangu siku ile ya bati tulilala pakavu na sikuwahi kuuliza yeye analalaje.

Nyumba ile haipo tena. Kiwanja kiliuzwa, pameota nyumba ya vigae, na watoto wa siku hizi hawachezei visoda. Mama wa Kisumu sijui aliishia wapi. Kilichobaki ni mimi na tabia yangu ya kusoma ubao.

Juzi hiyo niliusoma mara ya pili, kama nilivyozoea kuamriwa. Imepanda sana. Mlinzi akanisogelea tena, akaniuliza taratibu kama kweli sibadilishi.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nimechelewa."